Habari za Chakula cha Watoto wa Shule katika Nchi ya Tanga



Katika kitabu hiki cha Jubilei mtasoma habari za maaskofu na mapadre, na za makanisa yaliyojengwa kwa mawe. Hizo ni habari kubwa, na wapo wanaojua kuziandika kuliko mimi. Nami nilipoambiwa nichague neno la kuandika, naliomba niachiwe jikoni, yaani habari ya chakula walichokula watoto wa shule katika nchi yetu, tangu zamani hata sasa: kilitoka wapi, kilipatikana kwa mkono wa nani, na kilipokosekana kulitokea nini. Wenzangu wawili watatu walicheka, wakasema, "Mwalimu, sufuria nayo ina habari?" Nikawajibu kwamba mtoto mwenye njaa husikia kengele ya chakula tu, na mwalimu asiyelijua neno hili hufundisha madawati.

Machungwa ya Mtangata

Watu wengi hudhani kwamba kufundisha watoto kulianza na Wazungu. Sivyo. Hapa pwani vyuo vya Kurani vilikuwapo zamani sana kabla ya Misioni, na watoto wa chuoni walimtekea mwalimu wao maji, wakamchanjia kuni, wakamlimia. Kwa hiyo elimu kulishwa kwa jasho la watu wa mahali si desturi iliyoletwa na meli. Tumeikuta kwa wazee wetu.

Tena nchi hii ilijulikana kwa vyakula vyake tangu kale. Mwezi wa Aprili mwaka wa 1498 merikebu za Vasco da Gama zilikuwa zikipita pwani hii kwenda Mombasa. Mojawapo, jina lake São Rafael, ikapanda fungu karibu na Mtangata, upande wa Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Mabaharia wengi walikuwa wameshikwa na kiseyeye katika safari ile, fizi zimevimba na meno yamelegea, kwa kuwa miezi mingi walikula vyakula vikavu na nyama ya chumvi. Watu wa pwani wakawaendea kwa vyombo vyao, na chombo kimoja kilikuwa kimejaa machungwa. Mwandishi wa safari ile aliandika kwamba yalikuwa mazuri kuliko ya kwao Ureno. Hata walipofika Mombasa wakaletewa tena machungwa na malimau na miwa, na wagonjwa wao wakapata nafuu. Lakini katika kurudi kwao walikaa baharini muda mrefu, kiseyeye kikawarudia, wakafa wengi. Mwezi wa Januari mwaka wa 1499 waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote, ndipo wakaitia moto São Rafael papo hapo Mtangata.

Ilipita karibu miaka 250 hata tabibu wa manowari za Uingereza, James Lind, alipofanya jaribio lake mwaka wa 1747, akaona kwamba wagonjwa waliopewa machungwa na malimau walipona upesi kuliko wenzao. Basi nataka mwalimu alikumbuke neno hili: watu wale hawakufa kwa kuwa ghala ya merikebu ilikuwa tupu. Walikufa na vyakula vipo, kwa kuwa vilikuwa vyakula vya kuwekwa tu, havikuwa na kitu kipya kilichotoka shambani. Shule nayo yaweza kuwa na magunia ya unga hata darini, na watoto wake wasistawi.

Mgeni siku mbili

Misioni ya Vyuo Vikuu ilizaliwa kwa maneno ya David Livingstone aliyoyasema huko Cambridge mwaka wa 1857. Askofu Tozer aliihamishia Unguja mwaka wa 1864. Mwaka wa 1867 Padre Alington alipanda mpaka Vuga kuomba ruhusa ya mfalme wa Usambara, na mwaka wa 1868 kazi ikaanzwa Magila, katika nchi ya Bonde, chini ya milima. Padre Farler alipofika mwaka wa 1875 kazi ile ikapata nguvu, na mahali pale tunapaita Msalabani hata leo.

Wazee wetu wana methali: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Misioni ilikuwa mgeni, na shule ilikuwa mgeni pamoja nayo. Nguo na vitabu vilikuja kwa meli, lakini ugali haukuja kwa meli. Siku zile barabara zilikuwa njia za miguu, na kila kitu kilichopanda kutoka Tanga au Pangani kilipanda juu ya kichwa cha mpagazi. Kwa hiyo chakula cha kila siku hakikuweza kutoka mbali: sharti kitoke kwa Wabondei wenyewe, kwa kununuliwa au kwa kulimwa. Huko Unguja nako, shamba la Mbweni lilinunuliwa mwaka wa 1871, na watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa wakapewa mahali pa kujenga na kulima, na shule ya wasichana ikawa katikati yao. Tangu mwanzo, basi, shule na jembe vilikaa pamoja.

Nacho chakula chetu chenyewe kilikuwa mgeni siku moja. Mtama na kunde ni vya Afrika. Mgomba na mnazi vilikuja kwa njia ya bahari kutoka mashariki. Mahindi na muhogo asili yake ni Amerika, vikaletwa Afrika na Wareno. Wote hawa walipewa jembe, wakawa wenyeji. Leo Mbondei akiambiwa kwamba muhogo si wa kwao atakasirika.

Miaka ya njaa

Lakini msidhani kwamba nchi hii ilikuwa na shibe siku zote. Kati ya mwaka wa 1884 na 1886 mvua zilikosa katika nchi za Bonde na Uzigua, ikaingia njaa kali. Tena kati ya mwaka wa 1894 na 1896 nzige wakaja, wakala mashamba. Siku zile wako wazazi waliowaweka watoto wao rehani kwa watu wa pwani wenye nafaka, na wengine walijitoa wenyewe wawe watumwa ili wapate kula. Neno hili ni chungu kuliandika katika kitabu cha furaha, lakini tukiliacha hatusemi kweli. Mtoto aliyewekwa rehani kwa pishi kadhaa za mtama hakurudi darasani, na wengine hawakurudi nyumbani.

Hapo ndipo ilipoonekana kwamba njaa ya kijiji ni njaa ya shule. Nchi ikishiba, shule hujaa. Nchi ikifa njaa, walimu hubaki na kengele. Hakuna ukuta kati ya chungu cha shule na vyungu vya nyumba zinazoizunguka.

Mkonge na posho

Mwaka wa 1893 yalitokea mambo mawili yaliyogeuza nchi ya Tanga. La kwanza, Wadachi walianza kujenga reli kutoka Tanga. Ilifika Muheza, kisha Korogwe mwaka wa 1902, Mombo mwaka wa 1905, na Moshi mwaka wa 1911. La pili, Mdachi mmoja, Daktari Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Katika miche ile 62 yalitoka mashamba yaliyofunika nchi tangu Pangani hata Korogwe. Katika miaka ya 1960, Tanganyika ilipokuwa ya kwanza ulimwenguni kwa mkonge, zilivunwa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka mmoja.

Sisemi kwamba mkonge haukuleta faida. Uliwapa watu fedha, na wengi wetu tulivaa na kusoma kwa fedha hiyo. Lakini mkonge hauliwi. Uwanda mzuri karibu na reli ukatiwa mkonge, na watu walioitwa manamba wakaletwa kutoka mbali, wakalishwa posho, yaani unga wa kupimwa kwa wiki. Ndipo watu wengi wakazoea kwamba chakula ni kitu kinacholetwa na kugawiwa na bwana, si kitu kinachotoka nyuma ya nyumba. Mazoea haya hayakuisha na mkonge. Hata leo, mzazi akiulizwa, "Mtoto atakula nini shuleni?" mara nyingi hujibu, "Hawajaleta." Ni nani hao? Hawezi kusema. Ni mazoea ya posho.

Vita na wali wa ng'ambo

Mambo mawili mengine yalitufundisha. Vita ya kwanza ilifika kwetu mapema, kwa kuwa Waingereza walijaribu kuutwaa mji wa Tanga mwezi wa Novemba mwaka wa 1914, wakashindwa. Waliupata mwezi wa Julai mwaka wa 1916. Wamisionari Waingereza walikuwa wamefungwa na Wadachi, na walimu na mapadre Waafrika wengi wakafungwa pia, na wengine wakatumwa kuchukua mizigo ya vita. Wanaume wakaondoka mashambani, majeshi yakala akiba za watu, kisha mwaka wa 1918 ikaja homa kuu ya mafua. Shule nyingi zikanyamaza. Zilipofunguliwa tena, wanawake waliobaki na majembe ndio waliokuwa wameilinda mbegu.

Katika vita ya pili watu wa pwani na Unguja walikuwa wamekwisha kuzoea wali wa Burma. Mwaka wa 1942 Wajapani waliitwaa Burma, na mchele ule ukakatika. Watu waliodharau muhogo, wakiuita chakula cha maskini, wakautafuta kwa tochi. Aliyekuwa na shamba la muhogo siku zile alikuwa na benki, maana muhogo hukaa ardhini ukimngoja mwenyewe, wala hauulizi habari za meli.

Shamba la shule

Baada ya uhuru, mwezi wa Machi mwaka wa 1967, Mwalimu Julius Nyerere alitoa kitabu chake cha Elimu ya Kujitegemea. Alitaka kila shule iwe shamba pia, na wanafunzi wajue kwamba chakula chao hakishuki kutoka mbinguni. Kwa sheria ya mwaka wa 1969 shule nyingi za Misioni zikawa za Serikali. Mwaka wa 1974 Azimio la Musoma likaamuru watoto wote wapate elimu ya msingi, na madarasa yakafurika. Lakini miaka ile ilikuwa ya ukame, na wazazi wetu husimulia habari za unga wa yanga, yaani unga wa mahindi ya manjano uliotoka Marekani. Tuliupokea kwa shukrani, maana mwenye njaa hana miiko. Lakini unga ule haukuwa na mboga ndani yake.

Mimi nalikuwa mtoto wa shule ya msingi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Shamba la shule nalilijua vema, kwa kuwa kila aliyechelewa alipelekwa huko. Tulilima kwa kosa, hatukulima kwa chakula. Mahindi tuliyoyavuna yaliuzwa, na fedha yake ikanunua chaki na kufuli. Sikumbuki kwamba nalikula hata gunzi moja la shamba lile. Kwa hiyo tulitoka shuleni tumejifunza mambo mawili: kwamba jembe ni adhabu, na kwamba anayelima si anayekula. Mambo hayo yote mawili ni kinyume cha alivyotaka Mwalimu. Nayasema haya ili walimu wasikie: shamba la shule halifi kwa kukosa mvua tu, hufa pia kwa kukosa haki.

Kosa langu

Tangu mwezi wa Januari mwaka wa 2016 Serikali iliondoa ada mpaka kidato cha nne. Lilikuwa jambo jema, na watoto waliokuwa wakichunga mbuzi wakaandikishwa. Lakini neno "bure" lilisikiwa vibaya vijijini. Wazazi wengi walidhani kwamba na chakula kimo ndani ya bure hiyo, wakaacha kutoa mahindi na maharagwe waliyokuwa wakitoa. Baadaye Serikali ilitoa mwongozo wa chakula na lishe shuleni, ukieleza kwamba kazi hii ni ya wazazi na jamii pamoja na shule. Lakini wakati ule masufuria yalikuwa yamekwisha kugeuzwa juu chini.

Katika miaka hiyo nalikuwa nikifundisha dini katika shule moja ya kijiji ambayo sitaitaja. Alikuwapo mtoto wa darasa la tatu aliyelala kila kipindi changu. Nalimwonya, akalala. Nikamsimamisha nje juani ili apate kuamka. Akaanguka. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi langoni akaja mbio, akampa maji na andazi, kisha akaniuliza mbele ya watoto wote, "Mwalimu, umemuuliza amekula lini?" Nalikuwa sijamwuliza. Nilipomwuliza, mtoto akasema, "Jana mchana, fenesi."

Jioni ile nalikwenda kwao. Alikaa na bibi yake, na nyuma ya nyumba palikuwa na mipapai miwili na muhogo kidogo. Bibi hakuwa mvivu. Aliondoka alfajiri kwenda kulima kibarua, na mtoto aliondoka kwenda shule mwendo wa saa moja. Chakula kilipikwa mara moja tu, usiku, na kama bibi hakupata kibarua hakikupikwa. Nikarudi nyumbani nina aibu. Nalikuwa nimemfundisha mtoto yule sala ya kuomba mkate wa kila siku, kisha nikamwadhibu kwa kuukosa.

Mkutano chini ya mwembe

Mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kijiji waliwaita wazazi. Haukuwa mkutano mtamu. Mmoja alisema, "Serikali imesema bure." Mwingine akasema, "Mimi sina shamba." Ndipo akasimama mama mmoja, akasema neno lililotunyamazisha: "Zamani tulileta mahindi yetu. Fukusi waliyala ghalani, na yaliyobaki hatukusomewa hesabu. Leo mwataka tena?" Hakuna aliyeweza kumjibu, maana ilikuwa kweli.

Basi wakakata shauri wao wenyewe, nami nayaandika waliyoyaamua, kwa kuwa yaweza kusaidia mahali pengine.

Kwanza, fedha isikusanywe. Kila mtu alete alichonacho. Vitongoji vikagawana siku. Wa bondeni wakaleta muhogo na ndizi, wa mlimani wakaleta maharagwe, na wenye minazi wakaleta nazi. Wavuvi walikubali kutoa dagaa siku wanapopata wengi. Asiye na shamba aliweza kuleta mzigo wa kuni, au kushika zamu ya kupika. Mayatima na wajane wasidaiwe kitu.

Pili, ufunguo wa ghala ukae kwa akina mama watatu, si kwa mwalimu. Kila Ijumaa iandikwe ukutani kwa chaki: kilichoingia, kilicholiwa, kilichobaki.

Tatu, chungu kiwe kimoja kwa Mwislamu na Mkristo. Kwa hiyo nyama ikipatikana achinje Mwislamu, na nguruwe asiingie. Hakuna Mkristo aliyenung'unika. Sisi watu wa Tanga tumeoana na kuzikana tangu zamani.

Nne, pasipite siku bila jani bichi au tunda. Hapo ndipo akina mama walipotufundisha sisi walimu. Walipanda mchicha na matembele nyuma ya jiko, penye maji ya kunawia mikono, na kisamvu tulikuwa nacho tayari juu ya muhogo wenyewe. Machungwa na maembe na mapapai huoza chini ya miti katika nchi ya Muheza wakati wake, na watoto walikuwa wakiyapita kwenda shule na matumbo matupu. Muhogo peke yake hushibisha tumbo, lakini haujengi mwili. Ukipata kunde au dagaa, na jani, na tui la nazi, ndipo unakuwa chakula cha mtoto. Tena wale wenye muhogo mchungu walionywa wasiulete mbichi, kwa kuwa una sumu. Sharti uloweshwe na kukaushwa vema, kama wazee walivyofanya makopa ya bada.

Hesabu yake si ya kutisha. Shule ya watoto 200, kila mmoja akipata robo kilo ya muhogo, yahitaji kilo 50 kwa siku, yaani nusu ya gunia la kilo 100. Mzigo huo ukiwa juu ya mtu mmoja utamvunja mgongo. Ukigawanywa kwa nyumba 50, kila nyumba italeta kilo moja, yaani mihogo miwili mitatu. Haba na haba hujaza kibaba.

Sitaki kuwadanganya kwamba mambo yalikwenda vema siku zote. Wiki ya kwanza sufuria hazikutosha, na wadogo wakala wa mwisho. Wasichana wakubwa walianza kutolewa darasani kwenda kutafuta kuni, hata mama mmoja akakataza, akasema hakumleta binti yake shule ili awe mpishi. Mvua za vuli zikakosa mwaka mmoja, jiko likazima majuma matatu. Lakini liliwashwa tena, na wala hakuhitajika mtu wa kutoka mbali kuliwasha. Vipindi vya mchana, vilivyokuwa na watoto wachache, vikajaa. Yule mtoto wa fenesi hakulala tena katika kipindi changu. Akawa akiniuliza maswali, na mengine sikuweza kuyajibu.

Mataifa mengine nayo

Msidhani kwamba kuwalisha watoto shuleni ni jambo la nchi maskini tu. Uingereza yenyewe, baada ya vita yake ya Afrika ya Kusini, iliona kwamba vijana wengi waliotaka kuwa askari walikuwa dhaifu kwa kukosa chakula kizuri. Mwaka wa 1906 ikatunga sheria ya kuzipa halmashauri ruhusa ya kuwalisha watoto wa shule. Majirani zetu wa Kenya, mwaka wa 1979, walianza kuwapa watoto maziwa, yaliyoitwa maziwa ya Nyayo. Watu wazima wengi wa huko huyakumbuka kwa furaha. Lakini kazi ile ilitegemea fedha ya Serikali na magari ya kufika kila mahali, na katika miaka ya 1990 ikafifia. Mwaka wa 2009 Kenya ilianza njia nyingine, ya kuzipa shule fedha zinunue chakula karibu nazo. Mwaka huo huo Brazil ilitunga sheria kwamba angalau asilimia 30 ya fedha ya Serikali kuu kwa chakula cha shule itumike kununua kwa wakulima wadogo. Umoja wa Afrika nao, tangu mwaka wa 2016, umeiweka tarehe 1 Machi kuwa siku ya chakula cha shule katika Afrika nzima.

Na sisi wa Tanga hatuna haja ya kwenda Brazil kujifunza. Katika miaka ya 1990 wafugaji wetu walijiunga katika ushirika wa maziwa, na maziwa ya mtu mwenye ng'ombe wawili au watatu yakakusanywa asubuhi, yakapimwa, yakaandikwa, yakapelekwa kiwandani Tanga. Mwenye lita tano hakudharauliwa. Ikiwa twaweza kukusanya maziwa, ambayo huharibika kwa saa chache, kwa nini tushindwe kukusanya muhogo na mchicha kwa watoto wetu wenyewe, ambao wako umbali wa kengele?

Neno la mwisho

Basi, wasomaji wapenzi, hii ndiyo habari ya jikoni. Nimeona katika miaka yote hii neno moja likirudi: chakula kilichotegemea meli kilikatika meli zilipokatika, na chakula kilichotegemea posho kiliisha posho ilipoisha. Kilichotoka kwa jirani kilipungua, kikazidi, kikakosa mvua, lakini kilirudi, kwa kuwa jirani alikuwa bado yupo na mtoto alikuwa wake.

Enyi walimu wenzangu, msilifanye jembe kuwa fimbo. Mtoto akilima, na ale alicholima. Kabla ya kumwadhibu anayelala, mwulizeni amekula lini. Nanyi wazazi, msingoje wa kuleta. Dai hesabu, shikeni ufunguo, lakini leteni mihogo miwili. Na ninyi wazee wa kanisa, ardhi ya kanisa iliyo karibu na shule, yenye majani marefu tu, iangalieni tena.

Shule imekaa kwetu zaidi ya miaka 150. Si mgeni tena. Siku ya tatu ilikwisha kupita zamani, na jembe liko mlangoni. Tulishike sote pamoja.

Nami nakoma hapa. Mungu aibariki Jubilei yetu, na watoto watakaosoma kitabu hiki wamekwisha kula.